Maswali ya Wasomaji: RAM Kiasi Gani Inatosha, na Kompyuta Yako Inaweza Kutumia Kiasi Gani?

Tangu mwishoni mwa mwaka 2025 bei ya RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambamo kompyuta huweka kazi zilizo wazi, imepanda sana duniani, kwa kuwa viwanda vinavyotengeneza chipu za kumbukumbu vimeelekeza sehemu kubwa ya uzalishaji wao kwenye vituo vya data vinavyoendesha akili unde. Barua zilizotufikia kuhusu kumbukumbu ya kompyuta zimeongezeka pia, na nyingi zinaonyesha kwamba wasomaji wanashauriwa kununua kiasi ambacho kazi zao hazikihitaji, au ambacho mashine zao haziwezi kabisa kukitumia. Kwa sababu hiyo tumeitenga safu nzima ya toleo hili kwa suala hilo moja.

*Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Morogoro. Nina kompyuta mpakato niliyoinunua ikiwa imetumika, yenye RAM ya GB 4 na Windows 10. Ninapoandaa mitihani katika Word, huku nimefungua jedwali la alama za wanafunzi na kivinjari chenye vichupo kadhaa, mashine inakuwa nzito mno, taa ya diski haizimi, na kutoka dirisha moja kwenda jingine kunachukua karibu dakika nzima. Fundi mmoja amenishauri nifikishe GB 32 ili nisiwe na wasiwasi tena. Mwingine anasema mashine imezeeka, ninunue nyingine. Nimsikilize nani?*

Mwalimu, usimsikilize yeyote kati yao kabla hujaitazama mashine yenyewe, na kazi hiyo unaweza kuifanya wewe mwenyewe bila kumlipa mtu. Fungua kila kitu unachokifungua siku ya kazi nyingi: mtihani, jedwali la alama, kivinjari pamoja na vichupo vyake vyote. Kisha bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc ili upate Task Manager, uende kwenye ukurasa wa utendaji na uchague kumbukumbu. Hapo utaona kiasi cha RAM kinachotumika sasa hivi, na karibu yake utaona jozi ya namba zilizotenganishwa kwa mkwaju, kwa mfano 6.1/8.9. Namba ya kwanza katika jozi hiyo ni jumla ya kumbukumbu ambayo programu zako zimeomba na kuahidiwa na mfumo endeshi, ambao kwako ni Windows. Ya pili ni kikomo cha ahadi hizo, yaani RAM pamoja na sehemu ya diski iliyotengwa kuisaidia. Ikiwa ile ya kwanza inaizidi kwa mbali RAM uliyonayo, na wakati huohuo diski inafanya kazi bila kupumzika, basi umepata jibu: kazi yako haienei ndani ya GB 4.

Kinachotokea wakati huo ni hiki. Mfumo endeshi hauziambii programu kwamba nafasi imekwisha. Huchukua kurasa za kumbukumbu ambazo hazijaguswa kwa muda, huziandika kwenye diski, na nafasi yake hupewa programu uliyo nayo mbele yako. Ukirudi kwenye jedwali la alama, kurasa zake husomwa upya kutoka kwenye diski, na za kivinjari ndizo zinazotolewa nje. Mpango huu ni mzuri na unatuokoa mara nyingi, lakini gharama yake ni kubwa pale diski inapokuwa ya sahani zinazozunguka. RAM hujibu kwa takriban nanosekunde 100. Diski ya kuzunguka huhitaji takriban milisekunde 10 ili kukifikia kipande cha data kilichohifadhiwa mbali na kingine, yaani muda ulio mara 100,000 zaidi. Kama kusoma kutoka kwenye RAM kungechukua sekunde moja, kusoma kutoka kwenye diski hiyo kungechukua zaidi ya saa 27. Dakika unayoisubiri kila ukibadili dirisha inatokana na kusoma kwa namna hiyo maelfu ya mara.

Huenda unajiuliza kwa nini kivinjari kinakula kumbukumbu nyingi kiasi hicho wakati Word inatosheka na kidogo. Vivinjari vya siku hizi huendesha tovuti mbalimbali katika michakato iliyotenganishwa, ili tovuti moja yenye nia mbaya isiweze kusoma data za nyingine, na ili kichupo kimoja kikianguka visianguke vyote. Chrome kwenye kompyuta iliukaza utenganishaji huo mwaka 2018, baada ya kugunduliwa udhaifu wa prosesa uliopewa jina la Spectre. Ni ulinzi wenye thamani, na kumbukumbu ya ziada ndiyo gharama yake. Kufunga vichupo usivyovisoma kutakusaidia leo hii, kabla hata hujanunua chochote.

Sasa nijibu swali lako. Ikiwa namba ile ya kwanza inakaa kwenye 5 au 6, GB 8 zitakutosha, na mashine utaihisi kama nyingine. Ukiweka GB 32, zile 24 za juu zitakaa bila kazi ya maana, kwa sababu RAM haiongezi kasi ya mashine baada ya kazi zote kupata nafasi. Hapo mwendo unategemea prosesa na diski. Fedha utakazookoa zinunulie SSD, yaani diski ya chipu isiyo na sahani, badala ya diski ya kuzunguka, ikiwa bado unayo. Kwa mashine kama yako, GB 8 pamoja na SSD ndogo ni matengenezo bora kuliko RAM nyingi juu ya diski ileile.

Ningependa pia wasomaji wote waelewe kwamba kiwango cha chini kinachotangazwa na watengenezaji wa mifumo endeshi ni kiwango cha kuwaka tu. Windows 95 iliomba MB 4, Windows XP ikaomba MB 64, Windows 10 ya biti 64 ikaomba GB 2, na Windows 11 inaomba GB 4. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya kupendeza kufanyia kazi katika kiwango hicho. Mwaka huu, kwa mtu anayeandika, anayetumia majedwali na anayesoma mtandaoni, naona GB 8 ndizo za chini kabisa za kununua, na GB 16 ndizo za kununua kama unataka mashine ikae miaka mitano. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo ikiwa prosesa yako haikubaliwi na Windows 11, fikiria Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, yenye mandhari nyepesi ya Xfce, ambayo huenda vizuri kwenye mashine ya GB 4 na vizuri zaidi kwenye ya GB 8.

*Kwa Mhariri, hujambo? Mimi ni mhasibu mjini Mombasa. Tarakilishi yangu ya mezani ilikuwa na RAM ya GB 4, nikanunua kipande kingine cha GB 4 ili ziwe 8. Windows inakiri kwamba zimewekwa GB 8, lakini inaongeza kwamba zinazotumika ni 3.4 pekee. Aliyeniuzia anasema kipande ni kizima. Je, nimeuziwa bidhaa mbovu?*

Sijambo, na aliyekuuzia anasema kweli. Kipande chako ni kizima. Kikomo kimo ndani ya mfumo endeshi, ambao karibu kwa hakika ni wa biti 32.

Kila baiti katika kumbukumbu ina anwani yake, na anwani hiyo ni namba. Mfumo unaoandika anwani kwa biti 32 unaweza kuhesabu anwani 4,294,967,296 na haupiti hapo, nazo ni sawa na GB 4 kamili. Hata hivyo, anwani hizo hazipewi RAM peke yake. Kadi ya michoro, kadi ya mtandao, chipu za ubao mama na vifaa vingine huzungumza na prosesa kupitia anwani zilizomo katika orodha hiyohiyo, na kwa kawaida hupewa zile za juu kabisa. RAM iliyopaswa kuzipata anwani hizo inakosa pa kuitwa, na ndiyo maana unaona 3.4 na siyo 4. Mwenye kadi kubwa ya michoro anaweza kuona 3.0 au hata pungufu.

Hali hii ina historia ndefu. Kompyuta ya kwanza ya IBM PC, iliyotoka Agosti 1981, ilitumia prosesa ya Intel 8088 yenye njia 20 za anwani, zinazotosha baiti 1,048,576, yaani MB 1. Wabunifu wake walitenga KB 384 za juu kwa ajili ya skrini na programu za kuwashia mashine, zikabaki KB 640 kwa mtumiaji. Kwa zaidi ya miaka kumi watu walinunua kumbukumbu zaidi ya hapo na kuhangaika namna ya kuifikia, kama unavyohangaika wewe leo. Prosesa ya 80386 ya mwaka 1985 ilileta anwani za biti 32, na wakati ule GB 4 zilikuwa nje ya uwezo wa mtu yeyote anayenunua kompyuta ya nyumbani. AMD ilipotoa prosesa za biti 64 zinazoendesha pia programu za zamani, mwaka 2003, mlango ulifunguka tena, lakini mifumo endeshi ya biti 32 iliendelea kuwekwa kwenye mashine kwa miaka mingi baadaye, na mingine ingali inawekwa na mafundi wenye nakala za zamani.

Ili upate GB 8 zote, fungua ukurasa wa maelezo ya mfumo kwenye mipangilio ya Windows na usome mstari unaotaja aina ya mfumo. Ukikuta prosesa inatajwa kuwa ya x64, yaani ya biti 64, huku mfumo ukitajwa kuwa wa biti 32, basi prosesa inaweza, na unachohitaji ni kusimika upya Windows ya biti 64. Hakuna njia ya kuugeuza mfumo uliopo: lazima usimikwe kuanzia mwanzo, kwa hiyo nakili kwanza vitabu vyako vyote vya hesabu kwenye diski ya nje, kisha uifungue nakala hiyo kwenye kompyuta nyingine na kuhakikisha kwamba inasomeka. Hakikisha pia kwamba printa na vifaa vyako vingine vina viendeshi (programu zinazoviunganisha na Windows) vya biti 64, kwa maana vile vya biti 32 havitafanya kazi.

Kuna vikomo vingine viwili ambavyo mhasibu anapaswa kuvijua. Cha kwanza ni cha ubao mama: baadhi ya bodi za zamani, kama zile zenye chipu za Intel 945, haziwezi kuipa anwani nyingine RAM ambayo anwani zake zimechukuliwa na vifaa, hivyo zitabaki kwenye GB 3 na ushei hata ukiweka mfumo wa biti 64. Kompyuta ndogo zenye prosesa ya Atom N450 hazipokei zaidi ya GB 2, hata ukizibembeleza vipi. Tafuta jina kamili la ubao mama au la mashine yako, usome kwenye mwongozo wa mtengenezaji kiwango cha juu cha RAM, kabla hujatoa shilingi. Cha pili ni cha programu yenyewe: Excel ya biti 32, hata ikiwa juu ya Windows ya biti 64 na RAM ya GB 64, itaishia kwenye GB 2 hadi 4 kulingana na toleo lake. Kama majedwali yako ni makubwa na Excel inalalamika kwamba kumbukumbu haitoshi wakati Task Manager inaonyesha nafasi tele, tatizo ni hilo, na dawa yake ni kusimika Office ya biti 64.

*Mimi ni mwanafunzi wa chuo, Dodoma. Kompyuta yangu ina GB 16, lakini nikiwasha tu na kufungua vitu vichache naona zaidi ya GB 6 zimeshatumika. Nimeweka programu ya kusafisha RAM, nayo inazirudisha hadi 3, lakini baada ya muda zinapanda tena. Nifanye nini?*

Iondoe programu hiyo. Mfumo endeshi ukiwa na RAM nyingi huitumia kwa wingi kwa makusudi: huweka humo faili zilizosomwa karibuni na, katika Windows tangu toleo la Vista, hata programu unazozifungua mara kwa mara, ili ukizihitaji zisisomwe tena kutoka kwenye diski. Programu nyingine ikihitaji nafasi hiyo, huachiwa mara moja. Programu ya kusafisha inazilazimisha programu zako kuziachia kurasa zao, namba inashuka na kupendeza machoni, kisha kurasa hizohizo zinarudishwa kwa kazi ya ziada ya prosesa na diski. Anayetumia Linux asitazame safu inayoonyesha kumbukumbu iliyo tupu, ambayo huwa ndogo siku zote. Atazame ile ya kumbukumbu inayopatikana. GB 6 kati ya 16 ni hali ya afya kabisa.

*Assalamu alaykum. Ninahariri video za harusi hapa Unguja. Kompyuta yangu ya mezani ina kipande kimoja cha RAM ya aina ya DDR4 chenye GB 16. Zamani nilirekodi kwa ubora wa 1080, sasa wateja wanataka 4K, na mashine imeanza kukwama ninapotazama kazi kabla ya kuitoa. Dukani wananiambia 64 ndiyo ya watu wa video. Ni kweli?*

Wa alaykumu salaam. Kwa kazi yako hoja ya kuongeza ina msingi, na tunaweza kuipigia hesabu. Picha moja ya 1080 ina nukta 2,073,600. Kwa baiti 4 kila nukta, picha hiyo ikishafunguliwa kutoka katika hali ya kubanwa inachukua takriban MB 8.3 za kumbukumbu, na sekunde moja yenye picha 25 inachukua kama MB 207. Picha ya 4K ina nukta mara nne ya hizo, yaani MB 33 kila moja, na sekunde moja inafika MB 829. Programu ya kuhariri ikitaka kukuwekea tayari sekunde 10 tu za 4K zenye madoido, inahitaji zaidi ya GB 8, juu ya zile zinazotumiwa na Windows, na programu yenyewe, na muziki, na kamera ya pili uliyoipanga sambamba. GB 16 zilitosha kwa 1080. Kwa 4K zinabana, na kukwama kwako hakushangazi.

Hata hivyo, ningekushauri uanze na GB 32, kwa kuongeza kipande kimoja cha GB 16 kinachofanana na ulichonacho kwa kasi na aina. Pamoja na nafasi, utapata jambo ambalo duka halikukueleza. Ubao mama wa kawaida una njia mbili za kumbukumbu, na kwa sasa unatumia moja tu. DDR4 ya 3200 kwenye njia moja hupitisha hadi GB 25.6 kwa sekunde. Kwenye njia mbili hufika 51.2. Kwa shughuli nyingi za ofisini tofauti hiyo haionekani, lakini katika video inaonekana, hasa kama huna kadi ya michoro ya peke yake, kwa kuwa michoro iliyomo ndani ya prosesa inachota katika RAM hiyohiyo. Soma mwongozo wa ubao mama ujue kipande cha pili kinakwenda kwenye tundu lipi, kwa sababu kwenye bodi zenye matundu manne, mawili yaliyo jirani mara nyingi ni ya njia moja.

Baada ya hapo pima kama nilivyomweleza mwalimu wa Morogoro, katikati ya mradi wako mkubwa. Ukikuta GB 32 zinajaa na diski inahangaika, 64 zitakuwa na haki. Zisipojaa, elekeza fedha kwenye kadi ya michoro, na wakati huo tumia nakala ndogo za video kwa kuhariri, ambazo programu nyingi zinazitengeneza zenyewe, kisha utoe kazi ya mwisho kwa 4K kamili.

*Ninaishi Maskati, nataka kumpelekea mpwa wangu aliyeko Pemba kompyuta mpakato. Anaanza masomo ya kutengeneza programu za simu. Niliyoipenda ipo ya GB 8 na ya GB 16. Nifikirie kununua ya 8, yeye ataongeza baadaye?*

Inategemea kama inaongezeka. Kompyuta nyingi nyembamba za siku hizi zina RAM ya aina ya LPDDR iliyochomewa moja kwa moja kwenye ubao mama, na zile za Apple zenye chipu za M, zilizoanza mwaka 2020, zina kumbukumbu iliyofungwa pamoja na prosesa. Katika mashine za namna hiyo, kiasi unachonunua ndicho atakachokaa nacho mpaka mwisho. Ukikuta katika maelezo ya mtengenezaji neno LPDDR, au usipoona likitajwa tundu la SO-DIMM (la kuchomekea kipande cha RAM cha mpakato), hesabu kwamba haiongezeki.

Kwa masomo hayo, chukua ya GB 16 hata kama ile ya 8 inaongezeka. Atatumia Android Studio, programu ya kutengenezea programu za simu, pamoja na simu ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya kompyuta, kivinjari chenye nyaraka, na pengine hifadhidata, vyote kwa wakati mmoja. Kwa GB 8 atajifunza kwa kusubiri, na kijana anayeanza hukata tamaa akidhani tatizo ni uwezo wake. Ikiwa bajeti yako haifiki, heri mashine iliyotumika ya daraja la biashara yenye matundu mawili ya RAM na GB 16 ndani yake, kuliko mpya nyembamba yenye GB 8 zilizochomewa.

*Nina kompyuta mbili, moja imekufa. Naweza kutoa RAM yake na kuiweka kwenye nzima? Iliyokufa ni DDR3, nzima ni DDR4. — Msomaji, Tanga*

Huwezi. Vipande vya mpakato vya DDR3 vina miguu 204, vya DDR4 vina 260, na mkato wa katikati uko mahali tofauti, kusudi kimoja kisiingie kwenye tundu la kingine. Umeme wake pia ni tofauti: volti 1.5 kwa DDR3 na 1.2 kwa DDR4. Usikilazimishe, utaharibu tundu.

Unaweza kumpa mtu mwenye mashine ya DDR3, ila asome kwanza kibandiko cha kipande hicho. Kikiwa kimeandikwa DDR3L, kinatumia volti 1.35 na kwa kawaida hukubali pia 1.5. Kikiwa DDR3 tupu, mashine inayotaka DDR3L pekee huenda isiwake. Akishakiweka, aendeshe MemTest86, programu ya kupima uzima wa RAM, usiku kucha kabla ya kukiamini na faili zake, kwa sababu hatujui ile kompyuta yako ilikufa kwa ugonjwa gani.